Mji na Ng'ambo Yake

Darajani hapana daraja. Mgeni anayeteremka garini penye soko kuu la Unguja, katikati ya harufu ya papa mkavu, maembe na moshi wa madaladala, anaweza kuangaza macho mchana kutwa na asione kitu cha kuvukia wala cha kuvukwa. Mbele yake ipo barabara pana ambayo Waingereza waliipa jina la hori, na ambayo siku hizi ina jina la Rais Benjamin Mkapa. Kandoni lipo soko lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1904. Akimwuliza mwenyeji, ataelekezwa kwa mkono tu: kule kwenye majumba ya mawe ni Mjini, na huku kwengine kote ni Ng'ambo. Ng'ambo ya nini? Ya maji ambayo hayapo.

Maji hayo yalikuwapo. Mji wa mawe umejengwa juu ya ncha ya ardhi yenye umbo la pembe tatu, na zamani bahari ilikuwa ikipenya nyuma yake, ikiingilia baina ya Malindi na Funguni na kutambaa kuelekea kusini, hata ikakaribia kuikata ncha hiyo na kuifanya kisiwa. Maji yakijaa, mtu wa Ng'ambo alivuka juu ya daraja; yakitoka, yaliacha tope, kaa na harufu. Upande wa mawe walikaa matajiri, mabalozi na waliokuwa wakiwatumikia. Upande wa pili, katika nyumba za udongo na makuti, walikaa wavuvi, mafundi, wachukuzi, watumwa na wana wa watumwa, pamoja na watu waliokuja kutafuta maisha kutoka mashamba, mrima na Ngazija. Katika karne ya 20 utawala wa Waingereza ulilifukia hori kipande kwa kipande, mpaka palipokuwa maji pakawa viwanja, barabara na maduka.

Majina hayakufukiwa. Funguni pangali na fungu la mchanga ndani ya jina. Kisiwandui hapana kisiwa na, kwa rehema za Mungu, hapana ndui tena. Na ukiacha majina ya maji yako majina ya miti: Mkunazini, Kikwajuni, Michenzani, Mikunguni, Miembeni, Mbuyuni, Mnazi Mmoja, kisha miembe chungu nzima, kila mmoja na mtaa wake, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi. Mtu akiyasoma kwa kufuatana hudhani ameokota daftari la bwana shamba. Wazee wa mitaa hiyo huweza kukuonyesha mahali mti uliposimama, mara nyingi pakiwa na duka la simu au ukuta wa nyumba ya ghorofa. Mpimaji wa ardhi aliyekuja na vyombo vyake kutoka mbali angepata nusu ya kazi yake bure, kama angeketi barazani asubuhi moja na kuuliza kwa nini mtaa huu unaitwa hivi.

Si ajabu kuyaanza mambo ya manispaa kwa majina. Kwa zaidi ya miaka 150, kila juhudi ya kuufanya mji huu uwe safi na udumu imezunguka swali moja, nalo limo ndani ya jina la Ng'ambo: kile ambacho mji haukitaki, kipelekwe wapi?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Hori lilikuwa nyuma ya nyumba na ufukwe ulikuwa mbele yake, na vyote viwili vilikuwa jaa. David Livingstone, alipopita hapa mwaka 1866, aliudhika na uvundo hata akaligeuza jina la kisiwa kuwa mzaha wa harufu. Wageni wa zama zile walikuwa na dharau zao, na miji yao wenyewe haikunukia waridi. Hata hivyo pua yake haikumdanganya. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 1869, kikaingia kipindupindu kikubwa ambacho kiliendelea hadi 1870 na kuua watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo Afrika ya Mashariki, kilichochapishwa mwaka 1876, akiufuatilia kwenye njia za mahujaji na za misafara. Ni kitabu kinachotia huzuni, kwa sababu ndani yake mji unaonekana ukinywa kile kile ulichokitupa.

Mwaka huo huo wa 1870 Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti cha ufalme. Alikuwa amewahi kuishi uhamishoni Bombay, na aliona huko mji mkubwa unavyoweza kulishwa maji. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, jumba alilolikamilisha mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Lakini kama pana jambo moja katika enzi yake linalostahili kuitwa tendo la mazingira, kabla neno lenyewe halijapata maana hiyo, ni bomba lililoleta maji mjini kutoka kwenye chemchemi za kaskazini. Mabomba hayana roshani, wala hakuna mgeni anayeyapiga picha. Msafiri aliyezoea kuteka kisimani ndiye anayejua thamani yake.

Upungufu ulikuwa mmoja. Maji yalipewa njia ya kuingia mjini. Njia ya kutoka iliachiwa mteremko, na mteremko wote ulielekea horini au baharini. Hata ndani ya karne ya 21, miaka zaidi ya 100 baada ya Barghash, mabomba ya maji machafu ya Mji Mkongwe yaliendelea kumwaga baharini bila ya kusafishwa, huku Ng'ambo ikitegemea vyoo vya shimo na makaro yaliyochimbwa katika ardhi ile ile inayotoa maji ya visima. Na kipindupindu kilirudi, mara nyingi. Kile kilichozuka mwaka 2015 na kuendelea mwaka 2016 kiliua watu, kikawafungia biashara wauzaji wa vyakula na vinywaji wa barabarani, na kikaifanya serikali itayarishe mpango wa miaka kumi, kuanzia 2018 hadi 2027, wenye shabaha ya kukitokomeza kabisa. Mpango huo hautaji dawa tu. Sehemu yake kubwa ni maji, vyoo na taka, yaani mambo yale yale ambayo tabibu wa mwaka 1869 aliyaona kwa macho.

Lugha nayo ina yake ya kusema. Taka ni uchafu; kutaka ni kutamani. Wanaisimu watatuonya kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sadfa tu, nasi tutawaitikia, lakini ni mshairi gani wa pwani aliyewahi kuyapita bila ya kuyachezea? Taka ya leo ndiyo iliyotakwa jana: ganda la chungwa lilikuwa na chungwa, chupa ilikuwa na maji baridi saa saba mchana. Kisha liko takata, kuwa safi, na takasa, na mbele zaidi takatifu. Sauti ile ile inatoka jaani hadi msikitini.

Mazingira nalo ni neno jema, la asili, kutokana na kuzinga na kuzingira. Linasema wazi kwamba jambo lenyewe limetuzunguka, hatuwezi kulitazama tukiwa nje yake, na kwa watu wa kisiwa maana hiyo haihitaji kufafanuliwa. Tatizo liko kwenye neno la tatu, endelevu, ambalo limezagaa katika kila waraka wa serikali na wa wafadhili tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Wafasiri walilihitaji, kwani nyaraka za miradi zililidai katika kila mstari wa pili, nao wakalipata kwa kanuni halali kabisa: legea hutoa legevu, potea hutoa potevu, basi endelea na itoe endelevu. Haliwezi kulaumiwa kwa ukoo wake. Ila kuendelea ni kwenda mbele, na mtu anaweza kwenda mbele kwa kuzikimbia taka zake mwenyewe, akaziacha nyuma kwa mwingine. Wazee wangesema kudumu. Kinachodumu hakikimbii, kinakaa palepale, na kwa hivyo kinalazimika kuishi pamoja na kile kilichokitupa.

Mji huu haukukosa mipango. Mwaka 1923 H. V. Lanchester alichapisha mpango wake, akiuchukua mji wa Unguja kuwa mfano wa namna miji ya nchi za joto inavyopaswa kupangwa. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall. Baada ya Mapinduzi ukaja wa mwaka 1968, uliochorwa na Hubert Scholz kutoka Ujerumani Mashariki, na kutokana na urafiki wa nchi hizo mbili yakajengwa yale majumba marefu ya Michenzani yanayokutana kama msalaba katikati ya Ng'ambo. Mwaka 1982 ukafuata wa wataalamu wa China. Kila mmoja ulikuwa na busara yake na upofu wake, na wote ulichorwa na mkono wa mgeni. Hata hivyo ni hapo Michenzani ambapo serikali ilisema kwa zege, na si kwa maneno, kwamba mtu wa Ng'ambo anastahili nyumba ya kudumu, yenye bomba na umeme. Wanaoyacheka majumba hayo kwa ubaya wa sura wasisahau.

Wenyewe wa Ng'ambo hawakuwa wakingoja kupangiwa. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na Siti binti Saad aliimba miongoni mwao. Mtu wa huko mpaka leo husema "nakwenda mjini" anapovuka barabara, ijapokuwa wakaazi wengi, maduka mengi na ofisi nyingi ziko upande wake.

Katika muongo wa 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, ilifanya jambo ambalo mipango ya kwanza haikulifanya. Ilipita mitaani kuuliza watu ni mahali gani wanapathamini: baraza ipi, msikiti upi, uwanja gani, sinema ipi iliyofungwa, mti upi. Mpango uliotokana na hayo ukaitwa kwa Kiswahili, Ng'ambo Tuitakayo. Jina hilo ni zuri kuliko mengi yanayobandikwa kwenye miradi. Lina mnyambuliko kamili wa kitenzi, lina wingi wa nafsi ya kwanza, na kwa msikilizaji mwenye sikio la utani lina taka ndani yake.

Wakati makaratasi yakitayarishwa, watu hawakusimama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 893,169. Ni watu wapatao 300,000 walioongezeka ndani ya miaka kumi, juu ya ardhi ambayo haikuongezeka hata pima moja. Mashamba ya minazi na mihogo yaliyokuwa yakiutenga mji na vijiji yamejaa nyumba, nyingi zikiwa zimejengwa kwanza na kupimwa baadaye, na pengine hazikupimwa kabisa. Mahali palipokuwa pakinywa mvua pamesakafiwa.

Hapo ndipo maji yalipokumbuka. Masika ikinyesha kwa siku tatu mfululizo, mtu hahitaji ramani ya Lanchester kujua hori lilipita wapi na madimbwi yalikuwa wapi. Atayaona sebuleni kwa jamaa zake. Kwa miaka mingi barabara ya Mwanakwerekwe ilikuwa ikigeuka ziwa, magari yakizimika na abiria wakivuka wamepandisha suruali na mabuibui, wachukuzi nao wakijipatia riziki kwa kuwavusha watu mgongoni. Vyoo vya shimo vilijaa vikafurika, maji ya mvua yakachanganyika na yasiyotajika, na mwezi mmoja baadaye ndipo zahanati zilipojaa.

Mradi wa huduma za miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2011 na ambao watu waliuita kwa kifupi chake, ZUSP, ulichimba mitaro mikubwa ya zege kuyatoa maji hayo mabondeni na kuyapeleka baharini. Ulijenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani, pale mawimbi ya kaskazi yalipokuwa yakiula mchanga chini ya barabara mbele ya majumba ya wafalme. Ulisimamisha taa za barabarani. Nayo bustani ya Forodhani ilikwisha kufunguliwa upya mwaka 2009, baada ya kutengenezwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Mtu asiyeyakiri hayo ana choyo. Jioni, ukuta wa Mizingani umejaa watu wanaopunga upepo, watoto wanaruka baharini kutoka juu yake, na hakuna anayewatoza kiingilio. Katika mji ambao ufukwe mwingi umeshikwa na mahoteli, hiyo si neema ndogo.

Mtaro ni kitu chenye tabia, hata hivyo. Wakati wa mvua ni mto. Wakati wa kiangazi ni shimo refu lisilo na mwenyewe linalopita nyuma ya nyumba za watu, na shimo lisilo na mwenyewe huanza kupokea. Kwanza maganda ya mihogo, kisha pampasi, kisha godoro. Masika ijayo mtaro unaziba, mtaa unafurika, na pande mbili zinaanza kulaumiana: manispaa inasema wananchi hawana ustaarabu, wananchi wanasema gari la taka halijaonekana tangu mfungo mosi. Wote wawili wanasema kweli, na hilo ndilo linalochosha. Njia nyingi za Ng'ambo hazipitiki kwa gari. Taka za ndani huko lazima zitolewe kwa kichwa au kwa mkokoteni hadi barabarani, na mwenye mkokoteni ana watoto, anataka kulipwa. Nyumba inayopima unga kwa kibaba haitaanza bajeti yake kwa ada ya taka. Wapo pia waliovunjiwa nyumba ili mtaro upite, wakalipwa fidia na kuhamia mbali zaidi, na kwao mji mkavu ni habari wanayohadithiwa na waliobaki.

Habari ya mifuko ya plastiki inafundisha kwa namna nyengine. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, mbele ya nchi nyingi za jirani. Sababu zilikuwa wazi kwa kila aliyewahi kuona ng'ombe aliyechinjwa akatolewa tumboni fungu la nailoni, au mtaro uliozibwa na mifuko ukazaa mbu. Sheria ilikuwa njema, na kwa muda mitaa ilionekana imepumua. Lakini bara, ng'ambo ya mkondo, mfuko uliendelea kuwa halali kwa miaka mingine 13, mpaka tarehe 1 Juni 2019, na baina ya bandari mbili hizo vyombo havikosi. Mifuko ikaingia usiku, ndani ya mizigo mingine, ikauzwa kwa kunong'onezana. Kisha ikaja mifuko iliyoitwa mbadala, laini kama kitambaa na yenye rangi za kupendeza, ambayo mingi nayo ni nyuzi za plastiki. Na chupa za maji hazikuguswa. Mwaka 2023 visiwa vilipokea watalii zaidi ya 600,000, na hakuna hata mmoja wao aliyeshauriwa kunywa maji ya bomba.

Kabla ya hayo yote palikuwa na pakacha. Mtu aliyenunua maembe alisukiwa palepale, kwa kuti bichi, chombo cha kuchukulia mzigo wake. Akifika nyumbani alilitupa uani. Kuku walilichakura, jua likalikausha, nalo likaishia jikoni chini ya chungu. Kikapu cha ukili kilichukua miaka, pakacha lilichukua safari moja, na hakuna kilichobaki kumsumbua mtu. Lisitukuzwe kupita kiasi: pakacha halichukui mchuzi wala mtindi, na minazi inayohitajika kuusukia mji wa leo haipo tena. Linatajwa hapa kwa ajili ya methali yake. Kuvuja kwa pakacha, walisema, nafuu kwa mchukuzi. Mzigo ukipungua njiani, shingo hupata raha. Methali haikusema kitu juu ya njia iliyovujiwa, wala juu ya mwenye nyumba kando ya njia hiyo.

Mwenye nyumba huyo anakaa wapi? Kwa miaka mingi alikaa Jumbi, ambako mji ulitupa taka zake hadi ukazifikia nyumba zake wenyewe, kwa jinsi ulivyokuwa ukitanuka. Jaa likahamishwa mbali zaidi, Kibele, katika Wilaya ya Kati, ambako chini ya mradi ule ule pametengenezwa dampo la kitaalamu badala ya lundo la kutupa na kuchoma. Ni hatua ya kweli. Dampo lililojengwa vizuri huwekewa tandiko chini ili maji yanayochuja kwenye taka yakusanywe yasizame, na taka hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo. Linataka lakini kutunzwa kila siku, kwa mashine zinazofanya kazi, dizeli inayofika na watu wanaolipwa, kwa miaka mingi baada ya sherehe ya ufunguzi na baada ya mkopeshaji kurudi kwao.

Nalo limo katika kisiwa cha jiwe. Unguja haina mito mikubwa. Maji yake ya kunywa hutoka chini, na sehemu kubwa ya ardhi yake, hasa kusini na mashariki, ni jiwe la matumbawe lenye matundu na mapango ambayo mvua huyapita kwa haraka bila ya kuchujwa. Mkulima wa huko hulima muhogo katika vishimo vya udongo baina ya mawe na huteka maji pangoni. Ukimwambia kwamba takataka zimepelekwa mbali, atauliza mbali na nani. Swali lake si la ukaidi. Ni lile lile la mtu wa kando ya hori mwaka 1869, isipokuwa safari hii hakuna tena hori la kufukia, na Ng'ambo, iliyokuwa ikitupiwa, imekuwa ndiyo mji unaotupa.

Ndiyo maana wanaopambanua taka wana thamani kuliko wanavyopewa heshima. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji yetu kwa kawaida ni maganda, majani na mabaki ya chakula, vitu ambavyo havikuwa na haja ya kupanda gari hata kidogo. Vikitengwa jikoni na sokoni vinaweza kuwa mbolea ya mboga za wilaya za Magharibi, na pale Darajani penyewe, ambako kila alasiri hubaki lundo la makuti, majani ya ndizi na maganda, mbolea hiyo ingeanza kesho kama wenye vitengo wangekubaliana juu ya mapipa mawili badala ya moja. Chupa na vyuma vina wanunuzi. Vijana wanaoviokota huitwa majina yasiyofaa kuchapwa, na bado kila mfuko mmoja wanaoujaza ni mfuko mmoja usiofika Kibele. Mabaraza ya manispaa yamekuwa yakizungumza na vikundi vya namna hiyo kwa miaka, mara wakivipa vitambulisho, mara wakivifukuza. Kuvipa mkataba wa kudumu kungegharimu kidogo kuliko kilomita moja ya mtaro.

Alfajiri, baada ya adhana, Mji Mkongwe ni wa wafagiaji. Wengi wao ni wanawake, wamejifunga kanga kiunoni juu ya sare, na fagio zao ni za chelewa, zilizochongwa kutoka katika kuti lile lile lililotoa pakacha. Wanaanzia mbele ya maduka ya vinyago, wanapita Hurumzi na Kiponda, na sauti ya chelewa juu ya sakafu hufika vyumbani kabla ya jua. Lundo moja hapa, lundo moja kule. Wengi wao wamekuja kwa miguu kutoka Ng'ambo, na vichochoro vya kwao wataviacha vikingoja siku ya gari.

Saa moja lori linapakia Darajani, pale palipokuwa daraja. Turubali halitoshi, na nyuma linadondosha maji meusi tone kwa tone. Linapanda Michenzani, linapita Amani na Mwanakwerekwe, linashika njia ya kusini kupitia Tunguu. Katika njia hiyo, pale Bungi, imesimama pande zote mbili miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, mikubwa, yenye umri wa zaidi ya karne moja, matawi yake yamekutana juu ya lami. Chini yake wanakaa watoto wanaouza maembe kwa mafungu, na lori likikaribia wanayafunika kwa kuti.